Guido wa Arezzo, Mtawa Aliyeziandika Sauti

Sisi tuliopita skuli za misheni tuliimba do-re-mi huku fimbo ya mwalimu ikipanda na kushuka ubaoni. Wachache tulijua kuwa ngazi ile ina mwenyewe: Guido, mtawa wa Italia aliyezaliwa mnamo 991 hivi.

Guido aliishi katika nyumba ya watawa ya Pomposa. Zama zile nyimbo za kanisa zilikaa vichwani mwa watu. Alama zilizoandikwa juu ya maneno zilimkumbusha tu anayeujua wimbo. Asiyeujua hakuambiwa apande kiasi gani wala ashuke kiasi gani. Mwanafunzi aliweza kusoma miaka kumi na bado asiweze kuimba peke yake wimbo asiopata kuusikia.

Dawa ya Guido ilikuwa mistari. Noti aliiweka juu ya mstari au katika nafasi baina ya mistari miwili. Kutoka mstari hadi nafasi inayofuata ni hatua moja ya sauti. Noti ikipanda, sauti hupanda. Mstari wa fa akautia rangi nyekundu na wa do njano, ili jicho lisipotee. Leo tunatumia mistari mitano, lakini kanuni ni ile ile.

Tena akachukua wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya mwanzo kila kimoja huanza hatua moja juu ya kilichotangulia. Silabi za mwanzo zikawa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye sana wengine waliongeza si, na ut ikawa do.

Wenzake wa Pomposa walimwonea kijicho hata akahama. Mnamo 1025 alikuwa Arezzo, ambako Askofu Theodaldus alimpa kazi ya kuwafundisha waimbaji, na huko akaandika kitabu chake, Micrologus. Sifa zikamfikia Papa Yohane XIX, akamwita Roma. Papa alikifungua kitabu cha Guido, na hakuinuka mpaka ameimba ubeti asiopata kuusikia. Joto la Roma likamuuguza Guido, akaondoka. Mkuu wa Pomposa naye akamtaka radhi. Guido hakulipiza: njia yake aliieleza yote katika barua kwa Mikaeli, mtawa rafiki yake wa kule kule Pomposa.

Leo mistari ile imefika hata Muscat, ambako Sultan Qaboos aliunda okestra ya simfoni mwaka 1985, na vijana wa Kiomani wakafundishwa kuisoma.

Wazee wetu wanaondoka na nyimbo za harusi na za kubembelezea watoto ambazo hazimo popote ila vichwani mwao. Ikiwa una mjukuu anayejifunza noti, mkalishe kwa bibi yake, amsikilize na aandike.