Robert Peel: Kiongozi aliyeshinda uchaguzi, kisha chama chake kikamwangusha

Msikilizaji wetu, mara nyingi tunadhani chama kikishinda uchaguzi, ugomvi umekwisha. Historia inaonyesha kwamba wakati mwingine ndipo unapoanza. Leo tunakuletea maisha ya Sir Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza. Mzozo uliomng'oa madarakani ulihusu jambo tunalolijua vizuri vijijini kwetu: bei ya nafaka.

Peel alizaliwa mwaka 1788 huko Bury, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo, tofauti na vigogo wengi wa siasa za wakati ule ambao utajiri wao ulikuwa ardhi. Alisoma Oxford, akaingia bungeni mwaka 1809 akiwa na miaka 21 tu. Alipokuwa waziri wa mambo ya ndani, mwaka 1829 alianzisha jeshi la polisi la London. Hadi leo polisi wa Uingereza huitwa bobby, kutokana na jina lake Robert.

Mwaka huohuo wa 1829 alionja uchungu wa kupishana na wenzake. Kwa miaka mingi alipinga Wakatoliki kuruhusiwa kuingia bungeni. Alipoona Ireland inakaribia kuwaka moto, alibadili msimamo na kuunga mkono haki hiyo. Baadhi ya wenzake walimwita msaliti, na hawakusahau.

Hata hivyo, Peel ndiye aliyekijenga upya chama cha Conservative, yaani chama cha wahafidhina. Mwaka 1841 alikiongoza kushinda uchaguzi mkuu. Lakini ndani ya ushindi huo mlikuwa na makundi mawili. Wabunge wengi walitoka mashambani, na waliomba kura kwa kuahidi kulinda Sheria za Nafaka. Sheria hizo, zilizopitishwa mwaka 1815 na kurekebishwa baadaye, ziliitoza ngano ya nje ushuru mkubwa ili bei ya ngano ya ndani isishuke. Wenye mashamba walinufaika, huku mfanyakazi wa mjini akinunua mkate kwa bei ghali. Peel na mawaziri wachache waliomzunguka walianza kuona kwamba nchi yenye viwanda na watu wengi haiwezi kuendelea hivyo.

Mwaka 1842 alipunguza ushuru huo kidogo na kurudisha kodi ya mapato. Wabunge wa mashambani wakanung'unika. Mwaka 1845 aliongeza fedha za serikali kwa chuo cha mapadri wa Kikatoliki cha Maynooth, Ireland. Chama kikagawanyika karibu nusu kwa nusu.

Kisha ikaja njaa. Mwishoni mwa mwaka 1845, ugonjwa uliozesha viazi mviringo mashambani Ireland, na maskini wengi huko hawakuwa na chakula kingine. Peel aliagiza kwa siri mahindi kutoka Marekani. Pia aliamua kwamba Sheria za Nafaka zifutwe. Mawaziri wake hawakukubaliana, akajiuzulu Desemba. Wapinzani wakashindwa kuunda serikali, naye akarudi kazini. Lord Stanley, aliyekuwa miongoni mwa mawaziri wake wakubwa, akajitoa.

Bungeni, Lord George Bentinck na Benjamin Disraeli wakaongoza uasi. Hoja yao haikuwa nyepesi: mbunge aliyechaguliwa kwa ahadi ya kumlinda mkulima anawezaje kumgeuka baada ya kupata kura? Mei 1846 mswada ulipita, lakini kwa kura za wapinzani. Katika chama cha Peel mwenyewe, zaidi ya wabunge 200 walimkataa, na kama 100 tu ndio waliosimama naye.

Tarehe 25 Juni 1846, bunge la mabwana likaupitisha. Usiku huohuo, waasi wa chama chake wakaungana na wapinzani kuangusha mswada wake mwingine, uliohusu usalama wa Ireland. Siku nne baadaye Peel alijiuzulu, na safari hii hakurudi tena.

Kufutwa kwa sheria hakukuiokoa Ireland. Ushuru ulipunguzwa polepole hadi mwaka 1849, na watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Lakini wafanyakazi wengi wa Uingereza walimkumbuka Peel kwa mkate wa bei nafuu. Mwishoni mwa Juni 1850 alianguka kutoka juu ya farasi jijini London, akafariki tarehe 2 Julai akiwa na miaka 62.

Chama chake kililipa gharama kubwa. Wafuasi wa Peel, akiwemo William Gladstone, walijitenga, na baadaye walishiriki kuunda chama cha Liberal. Wahafidhina hawakupata tena wingi wa viti hadi mwaka 1874, chini ya Disraeli yuleyule.

Msikilizaji, sisi hatutoi hukumu. Mwenye shamba hutaka bei ipande, mwenye njaa hutaka ishuke, na wote wawili hupiga kura. Peel alitaka kuwaongoza wote kwa chama kimoja. Alipolazimika kuchagua, alimchagua mwenye njaa, na chama kikapasuka.