ANUARITE, SISTA ALIYECHUKULIWA DOMINIKA YA MAJILIO



Siku ya mgao, majina yanapoitwa, jina la Anuarite halikosi kusikika. Wageni wengine wametuuliza ni jina la kabila gani. Kwa kuwa tarehe 1 Desemba ni siku yake, kamati imeona vema kueleza kidogo habari za mwenye jina hilo, kwa Wakatoliki na kwa wasio Wakatoliki.

Alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, tarehe 29 Desemba 1939, Noeli ikiwa bado inasherehekewa. Kabila lake ni Wabudu. Kwao aliitwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Shuleni aliandikishwa kwa jina hilo kwa makosa, likabaki. Sisi ambao kadi zetu zina majina tusiyopewa na wazazi wetu tunaelewa jambo hilo. Nalo jina la makosa lina maana yake: mwenye kuicheka vita.

Mama yake alizaa wasichana sita. Baba alitaka mtoto wa kiume, akamwacha mama na kuoa mwingine. Jambo hilo lilimwumiza sana Anuarite, lakini alimsamehe baba yake.

Alipotaka kuwa sista, mama alisita. Siku moja lori, au kamio kama tunavyosema kwetu, lilikuja Wamba kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda utawani Bafwabaka. Anuarite akapanda kimyakimya pamoja nao, asimwage mama. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu, akaitwa Marie-Clémentine. Wazazi wote wawili walikuwapo, wakatoa mbuzi wawili kwa watawa. Baadaye mama alimwomba arudi nyumbani kuisaidia familia, naye akakataa. Kazi zake zilikuwa za kawaida: kutunza sakristia, kupika, kufundisha watoto.

Mwaka 1964 vita vya Simba vilifika. Mwanzoni mwa Agosti waasi hao waliuchukua mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka mjini humo, na siku mbili baadaye wakashuka Paulis, yaani Isiro ya leo. Walipoondoka, raia waliobaki vijijini na katika misioni walikuwa mikononi mwa Simba wenye hasira.

Tarehe 29 Novemba lori lilifika Bafwabaka. Ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa huanza mwaka wake na kuwaambia waumini wakeshe. Masista waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Maneno ya namna hiyo wengi wetu tumeyasikia tukiwa tumesimama kando ya lori. Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni. Kesho yake, njiani, kanali mmoja jina lake Pierre Olombe aliwageuza, wakapelekwa Isiro badala ya Wamba. Waliamriwa kuvua misalaba na rozari zao.

Usiku ule huko Isiro kanali mwingine, Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Mama mkuu wa masista alikataa, na Anuarite mwenyewe akakataa. Kisha Olombe akamtaka kwa ajili yake mwenyewe, akajaribu kumwingiza garini pamoja na Sista Bokuma. Wote wawili walipinga, wakapigwa vibaya kwa kitako cha bunduki, hata mkono wa Bokuma ukavunjika. Anuarite, akiwa katikati ya mapigo, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui anachofanya. Askari wakamchoma kwa singe, kisha Olombe akampiga risasi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25.

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba mwanamke aliyekamatwa na askari akabaki hai ana deni la kulipa. Hatukubaliani nao. Masista wenzake waliteswa usiku uleule, na wengi wao waliishi, Bokuma aliishi. Hakuna Mkristo mwenye akili atakayesema kwamba wao walikuwa na imani pungufu. Mama au binti wa kambi hii aliyepatwa na ubaya huo, njiani kuja huku au porini kwenye kuni, asihukumiwe kwa jina la Anuarite. Mwenye kosa ni aliyeshika bunduki. Tena kusamehe kwake hakukuzuia sheria: Olombe alihukumiwa na mahakama, ingawa baadaye alifunguliwa.

Mwili wa Anuarite ulitupwa katika kaburi la pamoja. Miezi kadhaa baadaye ulifukuliwa na kuzikwa kwa heshima huko Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa, na siku hiyohiyo akatamka msamaha kwa aliyemwua.

Kwa hiyo kila mwaka, mavazi ya zambarau ya Majilio yakiwa ndiyo kwanza yametolewa sandukuni au yakikaribia kutolewa, padre huvaa nyekundu kwa siku moja, rangi ya wafiadini. Tarehe 1 Desemba ikiangukia Dominika, kama ilivyokuwa mwaka 2024, Majilio hutangulia. Hapo misa huwa ya zambarau, na Anuarite hukumbukwa nyumbani, katika sala za jioni.