Xenophon: Jemadari Aliyemchunguza Farasi Horini

Wako majemadari wanaokumbukwa kwa ushindi. Xenophon wa Athens anakumbukwa kwa kurudi nyuma, na sisi tulioketi katika madarasa ya makadeti tuliifuata safari yake kwa kalamu na ramani. Ambalo hatukufundishwa ni kwamba askari huyo alijua pia kutambua ugonjwa wa mnyama kwa kutazama mwenendo wake tu.

Alizaliwa Ugiriki yapata mwaka 430 K.K., akawa mwanafunzi wa Socrates. Mwaka 401 K.K. aliingia katika safari ya Cyrus, mwana wa mfalme wa Uajemi, aliyewakodi Wagiriki wapatao 10,000 ili amwondoe nduguye katika kiti cha enzi. Cyrus aliuawa katika mapigano ya Cunaxa, karibu na Babeli. Muda si muda wakuu wa Wagiriki waliitwa mazungumzoni kwa hila, wakakamatwa na kuuawa. Jeshi likabaki bila kichwa katikati ya nchi ya adui, na Xenophon, ambaye hakuwa na cheo chochote, akawa miongoni mwa waliochaguliwa kuliongoza.

Njiani macho yake hayakuwaacha wanyama. Aliona kwamba Waajemi hufunga farasi wao miguu wakati wa usiku, na ghasia ikitokea gizani huchukua muda mrefu kuwatandika. Ndiyo sababu adui alipiga kambi mbali jioni, nao Wagiriki wakapata nafasi ya kusonga mbele. Katika theluji ya Armenia, ambako watu na wanyama walikufa kwa baridi, mkuu wa kijiji kimoja aliwafundisha kuwafunga farasi mifuko miguuni, kwa maana bila hiyo walizama hadi tumboni. Hatimaye waliifikia Bahari Nyeusi. Alipofika Lampsacus, jemadari huyu alikuwa hana kitu hata akamwuza farasi wake kwa darki 50, sarafu za dhahabu za Kiajemi. Wenzake walipojua jinsi alivyompenda mnyama yule walimkomboa, wakakataa kurudishiwa fedha.

Athens ilimfukuza, na Wasparta wakampa shamba Scillus, karibu na Olympia. Miongoni mwa vitabu vyake kimo kimoja juu ya farasi, nacho ndicho kilichotufanya tushike kalamu leo.

Humo anamtaka mwenye farasi ajenge zizi mahali atakapomwona mnyama wake mara kwa mara. Sababu ya kwanza ni wizi wa shayiri (tatizo la wagawa posho ni la kale kumbe!). Sababu ya pili ni nzito zaidi. Farasi akianza kutupa chakula nje ya hori, asemavyo Xenophon, pana jambo: huenda damu imemzidi, au amechoshwa na kazi, au shayiri imemdhuru, au maradhi mengine yanamnyemelea; na maradhi ya farasi, kama ya mwanadamu, hutibika kwa wepesi yakiwa mwanzoni.

Habari ya damu kuzidi ni elimu ya zama zake, nayo imekwisha kuachwa. Mengine yangali imara. Madaktari wa wanyama wa leo huuliza kwanza kama mnyama anakula, kwa kuwa farasi mwenye maumivu ya tumbo huacha chakula, huparapara ardhi na kugeuka kuutazama ubavu wake. Wanajua pia kwamba nafaka nyingi mno humletea maradhi ya tumbo na ya kwato. Mwaka 2014 wataalamu walitoa kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa farasi, kwa masikio, macho na misuli ya taya.

Xenophon alikataza pia kumkaribia farasi kwa hasira. Anayeogopa kitu apelekwe kwake taratibu, maana akipigwa papo hapo hudhani kipigo kimetoka kwa kile kitu, na hofu huongezeka. Ndugu zetu wa kikosi cha mbwa wa polisi wanalijua hilo.

Wanawe wawili walipanda farasi katika jeshi la Athens, mji ule ule uliomfukuza baba yao. Mmoja wao, Gryllus, aliuawa akiwa na askari wa farasi huko Mantinea mwaka 362 K.K. Baba yake alikuwa angali hai.