Yasuke, askari mwaminifu wa Japani

Leo tunawaletea habari za Yasuke. Jina hilo alipewa kule Japani. Lile la kuzaliwa hakuna aliyeliandika. Inadhaniwa alitoka upande wa Msumbiji, akafika Japani mwaka 1579 pamoja na padri Valignano, Mjezuiti wa Italia.

Mwaka 1581, mjini Kyoto, watu walisukumana kumwona mpaka wengine wakaumia. Oda Nobunaga, bwana mkubwa wa vita, alifikiri wamempaka wino, akaamuru asuguliwe. Wakasugua, wakasugua, weusi uko tu palepale! Basi Nobunaga akampenda. Mtoto wa ndugu yake akampa sarafu 10,000 za shaba, madini yetu haya ya Tenke. Akapata nyumba, mshahara na upanga, tena akabeba silaha za bwana wake.

Mwezi wa 6 mwaka 1582, jemadari Akechi Mitsuhide akamgeuka Nobunaga alfajiri, naye Nobunaga akajiua. Yasuke hakwenda kujificha. Alikimbilia kwa Nobutada, mtoto wa Nobunaga, akapigana muda mrefu, mwishowe akatoa upanga.

Wajapani walikuwa wakichonga mbao na kuchapa picha za askari waliokufa kwa ajili ya bwana wao. Wengine kwetu wanasema ule njo uaminifu. Sisi hatukubali: huyu alipigana hata bwana wake alipokuwa amekwisha kufa. Na alipona kwa matusi. Mitsuhide alisema eti huyu ni kama mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani, asiuawe. Wakamrudisha kanisani, kwa mapadri wa shirika lilelile lililomleta.