Bwana Mataka na Merikebu za Sultani

Katika vitabu vyetu vya shule, maendeleo ya vyombo vya baharini husimuliwa kama ngazi: mtumbwi, mtepe, jahazi, kisha meli, na kila kipya hudhaniwa kukishinda kilichotangulia. Kila nisikiapo somo hilo, mimi humkumbuka Bwana Mataka wa Siyu, ambaye wanafunzi wengi humjua tu kuwa mume wa Mwana Kupona.

Jina lake hasa ni Muhammad Is-haq bin Mbarak, wa ukoo wa Famau, sheikh wa Siyu, mji wa mafundi na wanavyuoni kisiwani Pate. Hasimu wake, Sayyid Said, hakuwa mtu wa ngalawa. Merikebu yake Liverpool, iliyoundwa Bombay mwaka 1826 kwa mizinga 74, aliitoa zawadi kwa Uingereza. Nyingine, Sultana, ilifika New York mwaka 1840. Lamu ilikwisha kumtii, na Mombasa ikasalimu amri mwaka 1837. Siyu ilikataa.

Natuyatazame maji yenyewe. Siyu iko mwisho wa hori jembamba lililozungukwa na mikoko. Maji yakipwa, hubaki tope; yakijaa, hupita vyombo vidogo tu. Mitepe ya visiwa vile ilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, nayo ikigusa mwamba ilinyumbuka. Merikebu ya vita isingethubutu kusogea. Ndiyo maana, katika miaka ya 1840, jeshi la Sultani chini ya Amiri Hamad bin Ahmed lilishuka Faza, likashika njia ya nchi kavu. Huko vichakani ndiko lilikoshindwa, na Amiri mwenyewe akauawa. Mizinga ya baharini haikumfaa kitu.

Sisemi kwamba tope ndilo lililoshinda. Bwana Mataka alijua pia kuungana na mtawala wa Pate.

Alifariki mwaka 1856, mwaka uleule Sayyid Said alipofia baharini ndani ya merikebu yake Victoria, akitoka Maskati. Miaka miwili baadaye Mwana Kupona alimtungia binti yao utenzi. Mwanawe Bwana Mataka, Muhammad, alishindwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, akafia kifungoni katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Na msafiri wa mashua aendaye Siyu angali akingoja maji yajae.