Sayyidna Umar bin Abdulaziz na Matumizi ya Nyumbani Kwake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wengi hudhani kuwa kubana matumizi ni jambo la maskini peke yake, na kwamba aliyejaaliwa hana haja ya kuhesabu. Na wengine, ambao kipato chao ni kidogo, huona haya watu wakijua kuwa wanahesabu, basi hukopa ili wafanane na wenye nacho. Kwa ajili ya makundi mawili haya tumeona ni kheri tusimulie hapa maisha ya mtu aliyeshika funguo za hazina ya dola iliyotanda kutoka Andalusi mpaka Sindi, naye nyumbani kwake akaishi kwa kipimo cha mtu wa hali ya chini. Mtu huyo ni Khalifa Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu.

NASABA YAKE NA MALEZI YAKE

Alizaliwa kiasi cha mwaka 61 wa Hijra (681), katika ukoo wa Bani Umayya, waliokuwa wakitawala wakati huo. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa muda wa miaka ishirini hivi. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa binti wa Asim, mwana wa Sayyidna Umar bin al-Khattab.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab, katika kuzunguka kwake mji usiku, alimsikia mama mmoja akimhimiza binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza, na binti akakataa, akimkumbusha mama yake kwamba hata kama Khalifa hawaoni, Mola wake anawaona. Sayyidna Umar akampendelea mwanawe Asim amuoe binti yule kwa uaminifu wake, ijapokuwa hakuwa na mali. Kwao wawili akazaliwa Ummu Asim, na kwa Ummu Asim akazaliwa huyu tunayemsimulia. Basi mwenye kutafuta mke au mume na atazame khabari hii kabla ya kuuliza habari za dhahabu na vyombo.

Alipokuwa mtoto alipelekwa Madina kusoma, akawekwa chini ya uangalizi wa mwanachuoni Salih bin Kaysan. Siku moja alichelewa sala ya jamaa, na alipoulizwa sababu, ikawa ni kwamba alikuwa akichanwa nywele. Mwalimu akaandika khabari hiyo kwa baba yake Misri, na baba akaamrisha mtoto anyolewe kichwa. Hivyo ndivyo wazee wale walivyokuwa: walimpenda mtoto wao, lakini hawakukubali pambo limshinde katika faradhi yake.

UJANA WAKE KATIKA NEEMA

Lakini asidhani msomaji kuwa Umar alizoea dhiki tangu udogoni. La. Baba yake alipokufa, ami yake, Khalifa Abdul Malik bin Marwan, alimchukua Dameski akamuoza binti yake Fatima. Kisha mwaka 87 (706), Khalifa al-Walid akamfanya liwali wa Madina. Aliingia mjini, kama ilivyopokewa, na mizigo yake imebebwa na ngamia thelathini. Alikuwa akipenda nguo laini, na manukato yake yakijulikana kabla hajafika. Hata mwendo wake wa maringo ulikuwa na jina lake, na vijana wakiuiga.

Pamoja na hayo alikuwa mwadilifu. Alipofika Madina tu aliwakusanya mafakihi kumi wa mji ule, akawataka wawe washauri wake, asikate jambo bila ya rai yao. Na wakati wa uliwali wake ndipo Msikiti wa Mtume ulipobomolewa na kujengwa upya kwa ukubwa zaidi. Aliondolewa mwaka 93 (712), kwa kuwa alikuwa akiwapokea watu waliomkimbia al-Hajjaj, liwali wa Iraki, kwa dhulma zake.

Tumeyataja haya kwa makusudi. Mtu aliyezaliwa katika ufukara hana budi kustahamili. Ama mtu aliyezoea hariri akaiacha kwa khiari yake, huyo ndiye mwenye hoja juu yetu.

SIKU ALIYOPEWA UKHALIFA

Mwezi wa Safar mwaka 99 (717) alifariki Khalifa Sulayman bin Abdul Malik huko Dabiq, naye alikuwa ameandika wasia, kwa ushauri wa mwanachuoni Raja bin Haywa, kwamba atakayemfuatia ni Umar. Wasia uliposomwa Umar alishtuka kama mtu aliyefikwa na msiba. Akaletewa farasi wa kifalme na mapambo yao. Akawakataa, akapanda nyumbu wake mwenyewe. Farasi wale pamoja na mahema na mazulia akaamrisha viuzwe, na thamani yake itiwe katika Baitul Mali.

Kisha akaanza kuhesabu. Akatazama mashamba na mali aliyorithi na kupewa na makhalifa wa ukoo wake, akajiuliza kila kimoja kilipatikanaje. Kile alichoona kuwa asili yake ni haki ya Waislamu, alikirudisha. Imepokewa kuwa pato lake siku aliyoshika ukhalifa lilikuwa dinari 40,000 kwa mwaka, na siku aliyokufa lilikuwa dinari 400. Watu wengi huingia katika ukubwa wakiwa na mia nne wakatoka na elfu arubaini. Yeye alikwenda kinyume chao.

FATIMA NA VITO VYAKE

Sasa tumefika mahali ambapo khasa ndipo penye mafunzo kwa watu wa nyumbani. Fatima alikuwa binti wa khalifa, mke wa khalifa, na dada wa makhalifa wanne. Alikuwa na vito vya thamani kubwa alivyopewa na baba yake. Umar alimwendea akamweleza kwamba hawezi kukaa na vito vile katika nyumba moja, kwa kuwa anaona asili yake ni mali ya umma, akampa khiari: avirudishe katika Baitul Mali, au waachane kwa wema. Fatima akachagua kukaa na mumewe, akavitoa vyote.

Tuangalie, ndugu zangu, mpango wa jambo hili. Umar hakuanza na vito vya mkewe. Alianza na farasi wake, na mashamba yake, na nguo zake, na manukato yake. Na hapo tena ndipo alipomwendea mkewe. Wala hakumnyang'anya, bali alimweleza sababu, akamwachia achague. Wako waume leo humwambia mke apunguze sukari na mafuta, ilhali wao wenyewe hawajapunguza hata kikombe kimoja cha kahawa barazani wala miraa ya jioni. Huko si kubana matumizi, bali ni kumbana mtu mwingine.

NYUMBA YAKE ILIVYOKUWA

Imepokewa kuwa matumizi ya nyumbani kwake yalikuwa dirham mbili kwa siku. Usiku mmoja aliingia kwa binti zake, nao wakaziba vinywa vyao kwa mikono na kujitenga naye. Alipouliza, akaambiwa kwamba hawakuwa na chakula cha jioni ila adesi na vitunguu, wakaona vibaya baba yao asikie harufu. Umar akalia. Akawaeleza wanawe kuwa haiwafai kitu wao kula vyakula vya namna kwa namna, kisha baba yao akaburutwa Motoni kwa ajili yao. Nao wakalia pamoja naye. Alilia kwa kuwa alikuwa baba. Uchungu wa watoto aliuona kama tunavyouona sisi, lakini haukumfanya aitie mkono hazina isiyokuwa yake.

Na alikuja mwanamke mmoja kutoka Iraki kutaka haki ya mabinti zake. Alipoingia alimkuta Fatima ameshika pamba mkononi anaifanyia kazi, na alipozungusha macho nyumbani hakuona kitu cha thamani. Akasema kwa mshangao kuwa amekuja kutaka kuijenga nyumba yake kwa nyumba hii iliyokuwa gofu. Fatima akamjibu kuwa kujengwa kwa nyumba za watu kama yeye ndiko kulikoifanya nyumba hii ikawa gofu. Akaingia mtu akateka maji kisimani, akayamimina juu ya udongo uliokuwa uani, na kila mara akimtazama Fatima. Yule mgeni akamnasihi Fatima ajisitiri na mfanyakazi yule. Fatima akamjulisha kuwa huyo si mfanyakazi. Huyo ndiye Amirul Muuminina.

TAA YA SERIKALI NA TAA YAKE

Katika kazi za umma alikuwa na hadhari iliyo kubwa zaidi. Usiku alipokuwa akitazama mambo ya Waislamu, aliwasha taa ya mafuta ya Baitul Mali; mazungumzo yakigeuka kuwa ya mambo yake mwenyewe, aliizima akaleta taa yake. Alipojua kuwa maji yake ya kutawadhia yalikuwa yakipashwa moto katika jiko la umma, alikadiria kuni zilizotumika, akazilipa. Na miski ya Baitul Mali ilipoletwa mbele yake alishika pua yake, kwa hoja kwamba faida ya miski ni harufu yake.

Liwali wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, aliomba karatasi na mishumaa. Umar akamwandikia aichonge kalamu yake iwe nyembamba na ayakaribishe maandishi, na akamkumbusha kuwa zamani alikuwa akitoka nyumbani kwake usiku wa giza bila ya mshumaa, na hali yake wakati ule ilikuwa bora kuliko leo. Na ni Abu Bakr bin Hazm huyu huyu ambaye Umar alimwagiza akusanye na aandike Hadithi za Mtume (S.A.W.), kwa kuogopa elimu isipotee kwa kufa wanavyuoni. Karatasi iliyookolewa na maneno ya upuuzi ilipata kazi iliyo bora.

HAKUWA BAKHILI

Asije mtu akasema kwamba Umar alikuwa mchoyo. Wafanyakazi wake aliwapa mishahara mikubwa, na alipoulizwa kwa nini hajipi na yeye mfano wa hiyo, jibu lake lilikuwa kwamba anataka waenee, wasiwe na haja ya kukhini. Wenye madeni wasioweza kulipa aliwalipia katika Baitul Mali. Na imepokewa kwa Yahya bin Said kwamba alipotumwa Afrika ya Kaskazini kukusanya zaka, alitafuta maskini wa kuwapa asiwapate, akanunua watumwa kwa mali ile akawaacha huru.

Hii ndiyo tofauti ya kubana matumizi na ubakhili. Bakhili hujinyima akawanyima na wengine. Mwenye kubana matumizi kwa sharia hujipunguzia ili haki za watu zipate kutimia. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Furqan amewasifu waja wake ambao katika kutoa kwao hawapiti mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali hushika njia ya katikati.

KUFA KWAKE

Aliugua huko Dayr Simaan, katika nchi ya Sham. Shemegi yake, Maslama bin Abdul Malik, alikuja kumtazama, akaiona kanzu yake ina uchafu, akamwagiza dada yake Fatima aifue. Siku ya pili akaikuta vile vile, akamlaumu. Fatima akamweleza kuwa Khalifa hana kanzu nyingine ya kuvaa hii ikifuliwa.

Maslama alimsikitikia pia kwa kuwaacha watoto wake bila ya mali. Umar akamjibu kwamba ama watakuwa wema, na Mwenyezi Mungu huwasimamia walio wema. Ama watakuwa waovu, naye hataki kuwasaidia katika uovu wao. Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 (720), na umri wake kiasi cha miaka arubaini, baada ya kutawala miaka miwili na miezi mitano. Imepokewa kuwa aliacha dinari 17: tano za sanda, mbili za mahali pa kaburi, na zilizobaki wakagawana warithi wake.

Akatawala baada yake Yazid, ndugu wa Fatima, akataka kumrudishia dada yake vile vito. Fatima akakataa, hakuona sawa kumtii mumewe akiwa hai na kumuasi akiwa maiti. Kwa hili tunajua kwamba hakuvitoa kwa kushindwa, bali kwa kukubali.

FAIDA YA KHABARI HII

Hatumtaki mtu awalishe watoto wake adesi na vitunguu kama anaweza kuwapa kilicho bora katika halali. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu, na kuipunguza bila ya udhuru ni dhulma. Tunalolitaka ni kwamba kila mwenye nyumba mwanzo wa mwezi akae na mkewe, watazame kilichopo, watangulize chakula, kodi, masomo ya watoto na deni la watu, na hayo mengine yangoje. Na akipunguza, aanze na nafsi yake.

Ama kukopa kwa ajili ya harusi za siku nyingi, au kuwalisha watu hitima kwa mali ya mayatima waliofiwa na baba yao, au kununua nguo ya Idi ambayo bei yake italipwa mpaka Idi nyingine, hayo hayamo katika dini wala katika ukarimu. Anayekula karamu hiyo husahau kesho yake. Anayedaiwa hukumbuka mwaka mzima.

Fatima aliyekuwa binti wa wafalme alikaa na pamba mkononi katika nyumba tupu, na heshima yake haikupungua hata leo, baada ya miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu. Basi nani katika sisi ataaibika kwa kutokuwa na makochi mapya?

Mwenyezi Mungu atutosheleze na halali yake tusiihitaji haramu yake, na atujaalie tuwe wenye kukinai. Amin.