Abdullahi Qarshe: Mzaliwa wa Moshi aliyewapa Wasomali muziki wa ala

WAPENZI wa jazi nyororo, ile isiyo na pupa ambayo sauti zake hutanda polepole kama ukungu wa alfajiri juu ya Mto Tana, wamegundua katika miaka ya hivi karibuni hazina ambayo wazee wa Garissa, Wajir na Mandera waliijua zamani. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kisomali za miaka ya 1970 na 1980, na mkusanyiko huo ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walistaajabu. Walisikia saksafoni, gitaa na kinanda cha umeme vikiizunguka sauti ya mwanamke bila kuivamia, na wengi wakahitimisha kwamba muziki huo ni zao la hoteli za Mogadishu.

Hilo ni kweli nusu tu. Anayeufuata muziki huo hadi kwenye chimbuko lake huipita Mogadishu, akaipita hata Hargeisa, na hatimaye hujikuta Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1924 Abdullahi Qarshe, mtu ambaye Wasomali wa pande zote za mpaka humwita baba wa muziki wao.

Katika enzi ya ukoloni, Wasomali kutoka pwani ya Ghuba ya Aden walitapakaa Afrika Mashariki wakiwa mabaharia, askari na wachuuzi wa mifugo. Walipatikana Nairobi, Isiolo, Nanyuki, Arusha na Moshi. Qarshe alizaliwa katika jamii hiyo ndogo ya wahamiaji. Angali mtoto, baba yake aliaga dunia na familia ikavuka bahari kwenda Aden, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, na huko ndiko alikosoma na kubaleghe.

Aden ya miaka ya 1930 ilikuwa njia panda ya dunia. Meli za Bombay zilitia nanga kando ya meli za Suez. Sahani za santuri kutoka Cairo zilichezwa katika mikahawa, na filamu za Kihindi, ambazo bila nyimbo hazikuwa filamu, ziliwavutia vijana. Hindi, Misri na Yemen, kila moja ilikuwa na ala zake na waimbaji wake. Kijana Qarshe alijiuliza swali lililomsumbua kwa miaka mingi: mbona Wasomali, watu wanaotunga mashairi kwa kila jambo, kuanzia vita hadi ndoa hadi kunywesha ngamia, hawana muziki wa ala unaoweza kusimama kando ya ule wa wenzao? Nyimbo walikuwa nazo tele. Walizisindikiza kwa ngoma, kwa makofi na kwa vishindo vya miguu, basi.

Alijipatia udi, ala ya nyuzi ambayo Wasomali huiita kaban na ambayo wapenzi wa taarabu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1945 aliwasili Hargeisa, katika Somalia ya Waingereza, akiwa nao. Ala hiyo hakuitembeza hadharani. Katika mji ule, mtu aliyeonekana na udi alihesabiwa pamoja na walevi na wahuni. Masheikh waliiona kuwa chombo cha kumpoteza muumini, na familia yenye heshima haikutaka mwanawe atajwe na watu wa namna hiyo. Tofauti na pwani ya Waswahili, ambako Siti binti Saad alikuwa amekwisha kurekodi santuri Bombay mwaka 1928 na taarabu ilipigwa harusini bila kificho, Hargeisa ilimlazimu Qarshe ajifunze ala yake faraghani.

Bahati yake ni kwamba mlango ulikuwa umekwisha kupigwa teke na mtu mwingine. Katikati ya miaka ya 1940 dereva wa lori aitwaye Abdi Deeqsi, maarufu Abdi Sinimo, alizua balwo, mashairi mafupi mno ya mapenzi yaliyoimbwa na vijana wa mijini. Balwo ilienea kando ya barabara za malori kwa kasi iliyowatia hofu wazee. Masheikh waliilaani, na washairi wa kale waliidharau kwa ufupi wake. Vijana hawakujali. Mashairi yale mafupi yaliunganishwa yakawa wimbo mrefu zaidi ulioitwa heello, na hapo ndipo Qarshe alipoingia na udi wake, kisha na ala nyingine, zikiwemo gitaa na piano.

Inafaa kueleza alichokifanya, kwa maana wengi husema alichanganya tamaduni na kuishia hapo. Ushairi wa Kisomali una sheria kali: katika shairi zima, kila mshororo sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile. Anayelichezea neno amelivunja shairi. Muziki wao nao hujengwa juu ya ngazi ya sauti tano, ilhali wapiga udi wa Kiarabu hutumia sauti saba pamoja na zile ndogo zilizo katikati yake. Qarshe aliichukua ala ya Waarabu na kuifundisha Kisomali. Udi wake hutangulia peke yake, huchora mahadhi, kisha humwachia mwimbaji njia na kumfuata nyuma hatua kwa hatua. Hakuna fujo ya sauti nyingi zinazogombania nafasi. Kuna mstari mmoja wa mahadhi, na uwazi mkubwa kuuzunguka.

Uwazi huo ndio unaowavutia mashabiki wa jazi. Mwaka 1959 Miles Davis alirekodi albamu ya Kind of Blue huko New York, na siri ya utulivu wake ilikuwa kupunguza mabadiliko ya sauti na kukaa kwa muda mrefu juu ya ngazi moja. Katika miaka iliyofuata, Mulatu Astatke wa Ethiopia, aliyesomea muziki Uingereza na Marekani, alizileta ngazi za sauti tano za kwao ndani ya bendi ya jazi. Qarshe hakupiga jazi, na itakuwa kumsingizia kudai hivyo. Lakini bendi za Kisomali zilipokuja kushika saksafoni na tarumbeta miaka ya baadaye, zilikuta nyumba imekwisha kujengwa, yenye mahadhi marefu na nafasi ya kupumua. Ala za kizungu ziliingia humo bila kubomoa ukuta.

Chombo kilichomtoa mafichoni kilikuwa redio. Kituo cha Hargeisa kilianzishwa na Waingereza mwaka 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na katika muongo uliofuata kilikuwa kikirusha nyimbo za kisasa pamoja na habari. Qarshe alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Redio ilikuwa na fadhila moja kubwa: uso wa mwimbaji haukuonekana. Shamis Abokor, mmoja wa wanawake wa kwanza kuimba katika kituo hicho, alijulikana kwa wasikilizaji kwa jina la kisanii la Guduudo Carwo. Kwa mwanamke wa wakati ule, jina la kupanga lilikuwa ngao kama vile kabati lilivyokuwa ngao ya udi.

Kisha siasa zikaingia. Kwa mkataba wa mwaka 1954, Uingereza iliikabidhi Ethiopia malisho ya Haud, ambako wafugaji wa Kisomali walikuwa wakipeleka ngamia wao kila msimu wa mvua. Makabidhiano yalipofanyika mwaka 1955, Hargeisa ilifura kwa hasira. Qarshe na wenzake walishiriki katika kikundi cha Walaalaha Hargeisa, yaani Ndugu wa Hargeisa, kilichotunga nyimbo na michezo ya kuigiza. Kwa kuwa kituo cha redio kilikuwa cha mkoloni, walitumia silaha ambayo Mswahili anaifahamu vyema: mafumbo. Mpenzi aliyeporwa katika wimbo alikuwa ardhi. Bibi arusi aliyecheleweshwa alikuwa uhuru. Msikilizaji alicheka au alilia, na afisa wa Kiingereza alidhani ni mapenzi tu.

Somalia ya Waingereza ilipopata uhuru tarehe 26 Juni 1960, siku tano kabla ya kuungana na ile ya Waitaliano, Qarshe alikuwa na wimbo tayari. Unaisifu bendera, kwa kusema kwamba kila taifa lina yake na kisha kuilinganisha ile mpya na mbingu. Hargeisa waliuimba kwa shangwe. Garissa mambo yalikuwa mazito zaidi.

Bendera hiyo ya samawati ina nyota nyeupe yenye ncha tano, na kila ncha iliwakilisha eneo moja lililokaliwa na Wasomali. Ncha moja ilikuwa NFD, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya, yaani Garissa, Wajir, Mandera na majirani zao. Wimbo wa kusifu nyota ile, ulipopigwa katika redio ya betri kwenye mkahawa wa chai kando ya Tana, haukuwa wimbo wa nchi jirani tu. Ulikuwa dai. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka eneo hilo na kukuta kwamba wakazi wengi wa Kisomali walitaka kujiunga na Somalia. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza iliamua kwamba eneo hilo litabaki Kenya kama mkoa wa peke yake. Ndipo vilipozuka vita vya shifta, na hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru wa Kenya.

Katika vita hivyo mawimbi ya redio yalihesabiwa kuwa sehemu ya mapambano. Mogadishu ilitangaza upande wake, na Nairobi nayo ilijibu kwa Kisomali kupitia Sauti ya Kenya. Kenya na Somalia zilipopatana mwaka 1967, kwanza Kinshasa na kisha Arusha, miongoni mwa mambo waliyokubaliana ni kukomesha propaganda za uhasama. Hali ya hatari katika mkoa huo, hata hivyo, haikuondolewa rasmi hadi mwaka 1991. Kwa hiyo kizazi kizima cha Garissa kilikua kikizipenda nyimbo ambazo zilitoka ng'ambo ya pili ya mgogoro. Hili halisemwi mara nyingi wakati mashabiki wa kigeni wanaposifia ulaini wa muziki huo.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumfanya Qarshe kuwa mtunzi wa bendera peke yake. Patrice Lumumba alipouawa Katanga Januari 1961, Qarshe alimtungia wimbo wa maombolezo, na jina la Mkongo huyo likaimbwa katika nyumba ambazo hazikuwahi kumwona. Wimbo wake mwingine mashuhuri unahusu elimu, na jina lake lasema kwamba kukosa maarifa ni kukosa nuru. Nuru kwa Kisomali ni iftin. Mkazi wa Garissa hahitaji kamusi hapo, kwani Bulla Iftin ni mtaa wa mji wake. Iftin pia ndilo jina la bendi ya Wizara ya Elimu ya Somalia, mojawapo ya zile zilizokuja kuwashangaza wasikilizaji wa Ulaya nusu karne baadaye.

Baada ya mapinduzi ya Siad Barre ya mwaka 1969, serikali iliushika muziki kwa mikono miwili. Iliwalipa wanamuziki mishahara, ikawanunulia ala, na ikawaambia la kuimba. Enzi ya mabendi ilikuwa imewadia, na Qarshe, aliyekuwa amepita umri wa ujana, alibaki kuwa mzee wa heshima ambaye wengine walirejea kwake.

Aliishi kuona karibu kila alichokijenga kikibomolewa. Mwaka 1988 ndege za serikali ziliishambulia Hargeisa kwa mabomu. Kabla ya kituo cha redio kuharibiwa, wafanyakazi na wasanii walizitoa kanda, wakazifukia ardhini na nyingine kuzivusha mpaka. Mwaka 1991 Mogadishu nayo ilianguka, na mamia ya maelfu ya watu wakamiminika Kenya, hadi kwenye kambi za Dadaab katika wilaya ya Garissa, kaseti zikiwa miongoni mwa mizigo. Qarshe alifariki mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Nchi aliyoitungia wimbo wa bendera haikuwa na serikali.

Kanda za Hargeisa zilifukuliwa baadaye, na maelfu ya kaseti sasa yamehifadhiwa katika kituo cha utamaduni cha mji huo. Kusini mwa Somalia, Aprili 2010, wapiganaji waliziamuru redio za Mogadishu zikome kupiga muziki wa aina yoyote, na nyingi zilitii kwa kuogopa risasi. Miaka miwili baadaye, Agosti 2012, mji huo huo ulipitisha katiba mpya ya muda, na wimbo wa taifa uliochaguliwa kwenda nayo ulikuwa ule ambao Qarshe aliutunga kuisifu bendera ya mwaka 1960.